"Huyu ni Mwenzetu": Lugha ya Mfanano katika Siasa za Thika na Ruiru

Utangulizi

Kwamba lugha na siasa ni chanda na pete ni jambo lililokwisha kuelezwa na wanaisimujamii wengi. Lisilozingatiwa sana ni neno moja dogo ambalo mpiga kura wa Kenya hulitoa anapoulizwa kwa nini anamuunga mkono mgombea fulani: mwenzetu. Huyu ni mwenzetu. Aghalabu sababu nyingine haidaiwi wala haitolewi. Makala haya yanalichunguza neno hilo, pamoja na ndugu zake sisi, wetu na baba, kwa kuangalia majina ya vyama na lakabu za wanasiasa zilizovuma katika eneo la viwanda la Thika na Ruiru, kaunti ya Kiambu, tangu uchaguzi mkuu wa mwaka 2002. Hoja inayoendelezwa ni kwamba mpiga kura humfuata kiongozi kwa kuwa ameiona, au anadhani ameiona, thamani anayoienzi yeye mwenyewe ndani ya kiongozi huyo. Na kwamba thamani hiyo humfikia, kwa sehemu kubwa, ikiwa imevikwa lugha.

Yafaa kutanguliza jambo kuhusu istilahi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 10, inazungumzia maadili ya kitaifa: uzalendo, usawa, uadilifu, uwajibikaji na mengineyo. Mpiga kura wa kawaida hasemi hivyo. Husema fulani ana utu, ana roho safi, hana madharau, anatujali, ni mtu wa watu. Msamiati huu wa pili ndio unaoamua kura, nao haupimi sera. Unapima namna kiongozi anavyowatazama watu.

Ushawishi wa mfanano

Aristotle aliigawa mbinu ya ushawishi katika mambo matatu: hoja, hisia za msikilizaji na hulka ya msemaji. Kwa maoni yake hulka ndiyo yenye nguvu pengine kuliko zote, kwani watu humwamini mtu kabla hawajaiamini hoja yake. Baadaye Kenneth Burke, katika kitabu chake cha mwaka 1950 kuhusu balagha, aliliongezea wazo hili uzito aliposhikilia kwamba kiini cha ushawishi ni kujinasibisha: msemaji humvuta msikilizaji kwa kumwonyesha kwamba usemi wao, ishara zao, mienendo yao na fikra zao ni zile zile.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili hahitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Katika Juliasi Kaizari, tafsiri ya Julius K. Nyerere iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1963, umati wa Roma unasikiliza hotuba mbili. Bruto anatoa sababu. Antonio, kwa upande wake, anajitangaza kuwa mtu wa kawaida asiyejua ufasaha, anayempenda rafiki yake kama wao walivyompenda, kisha anawaonyesha majeraha ya maiti na wosia unaowataja. Sababu za Bruto hazikukanushwa. Ziliachwa tu bila msikilizaji.

Samuel Popkin (1991) analitazama suala hili kwa jicho la mpiga kura mwenyewe. Kwake mpiga kura si mjinga. Ni mtu mwenye muda mchache na habari haba, anayelazimika kupita njia ya mkato. Mfano wake ni wa Rais Gerald Ford wa Marekani ambaye mwaka 1976, akiwa katika kampeni mjini San Antonio, Texas, alipewa tamale, chakula cha Kimeksiko cha unga wa mahindi kinachopikwa kikiwa kimefungwa ndani ya maganda ya hindi, akakiuma pamoja na ganda lake. Wapiga kura wenye asili ya Meksiko hawakuwa na muda wa kusoma sera za Ford kuhusu uhamiaji. Walichojua ni kwamba mtu asiyejua kumenya chakula chao huenda hajui mengine mengi yanayowahusu. Hukumu hiyo inaweza kuwa na kosa, lakini si ya kipumbavu.

Mji wa vibarua na wapangaji

Thika ilikua kama mji wa viwanda: nanasi za kampuni ya Del Monte, nguo za Thika Cloth Mills, mafuta ya kupikia ya Bidco, kiwanda cha kuunganisha magari. Ruiru, iliyokuwa kituo kidogo katikati ya mashamba ya kahawa, imefurika wapangaji wanaofanya kazi Nairobi, hasa baada ya barabara kuu ya Thika kupanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka 2012. Sensa ya mwaka 2019 iliuhesabia mji wa Ruiru zaidi ya watu 490,000 na Thika zaidi ya 250,000. Kwa hiyo wapiga kura wa eneo hili wengi ni watu waliotoka kwingine: Murang'a, Nyeri, Ukambani, Magharibi, Nyanza. Makongeni, Kiandutu, Githurai na Kimbo ni mitaa ambamo jirani wa mlango wa pili huenda hajulikani hata jina la pili.

Hali hii ina athari mbili kwa lugha ya siasa. Kwanza, kijijini mgombea hujulikana kwa ukoo wake, shamba lake na deni lake dukani. Mjini hajulikani hivyo, na kwa hiyo lazima ajitambulishe kwa alama. Jina, kofia, wimbo na lakabu hufanya kazi ambayo ukoo ungeifanya. Pili, mgombea hulazimika kuchagua lugha. Akisema Kikuyu, anawapa wengi wa wasikilizaji wake ishara ya udugu na wakati huo huo anawafungia mlango wachache. Akisema Kiswahili, na hasa akikichanganya na Sheng, anaufungua mlango lakini anaipoteza ile ladha ya siri ya nyumbani. Wanasiasa wengi huruka kutoka lugha moja hadi nyingine katika hotuba ile ile. Ahadi ya barabara hutolewa kwa Kiswahili. Utani na tahadhari juu ya mahasimu hutolewa kwa Kikuyu. Anayetaka kujua ni nani anayehesabiwa ndani ya "sisi" ya mwanasiasa asisikilize neno lenyewe, asikilize limetamkwa kwa lugha ipi.

Toka "Sisi kwa Sisi" hadi "Tujibebe"

Katika uchaguzi wa mwaka 2002, muungano wa NARC ulivuma kama upepo wa kusi. Hata hivyo eneobunge la Juja, ambalo wakati huo lilijumuisha Thika na Ruiru na lilikuwa miongoni mwa maeneobunge yenye wapiga kura wengi zaidi nchini, lilimchagua William Kabogo kwa tiketi ya chama kidogo kilichoitwa Sisi kwa Sisi. Mwaka 2007 alishindwa na George Thuo wa PNU, aliyekuja kuwa kiranja mkuu wa serikali bungeni. Mahakama Kuu ilipoubatilisha ushindi huo mwaka 2010, Kabogo alirejea kupitia uchaguzi mdogo wa Septemba 2010, mara hii kwa tiketi ya Narc-Kenya. Mwaka 2013 alikuwa gavana wa kwanza wa Kiambu kwa chama cha TNA. Mwaka 2022 aliwania tena ugavana kupitia Tujibebe Wakenya, asifaulu.

Vyama vyake vya kwanza na vya mwisho vinafaa kuwekwa sambamba. Kiswahili hakina njia ya kisarufi ya kutenga sisi inayomjumuisha msikilizaji na sisi inayomwacha nje. Msemaji wa "tutakula" anaweza kuwa anamwalika mgeni au anamwonyesha mlango. Jina Sisi kwa Sisi limejengwa juu ya utata huo: mtu wa Thika anaweza kulisikia kama mwito wa mshikamano wa watu wote wa kawaida, na mwingine akalisikia kama "mambo yetu tuyamalize wenyewe, wa nje wasiingie". Jina halimlazimishi mgombea kutaja ni maana ipi aliyoikusudia. Miaka ishirini baadaye, Tujibebe linafanya kazi nyingine. Kiambishi -ji- kinamfanya mtenda kuwa mtendwa vilevile: sisi ndio wabebaji na sisi ndio mzigo. Anayesikia hivyo huulizwa ajitegemee, na huenda swali likamjia bila kutakiwa: ikiwa tutajibeba, kiongozi atabeba nini?

Si kwamba jina la chama lilimpa Kabogo ushindi mwaka 2002 au likamnyima mwaka 2022. Madai kama hayo yangekuwa ya kitoto. Upepo wa vyama vikubwa una nguvu kuliko mofolojia. Ushahidi ni mwaka 2013, Juja ya zamani ilipokuwa imegawanywa, na wimbi la TNA likawapeleka bungeni wanawake wawili, Alice Ng'ang'a wa Thika Mjini na Esther Gathogo wa Ruiru, katika eneo ambalo methali na nyimbo za kampeni zilizoea kumnasibisha kiongozi na dume. Ni jambo la kukumbusha yanayompata Mwekevu katika Chozi la Heri ya Assumpta Matei, isipokuwa kwamba hapa chama kilitangulia kuwa "mwenzetu" na jinsia ya mgombea ikafuata nyuma.

Lakini wimbi pia halitoshi kueleza kila kitu. Mwaka 2017 Jubilee ilitawala Kiambu karibu kote, na bado Thika Mjini ilimchagua mgombea huru, Patrick Wainaina, mfanyabiashara wa makadamia aliyejulikana kwa jina la Jungle kutokana na kampuni yake. Katika mji ambao vijana husimama langoni mwa viwanda alfajiri wakingoja kuitwa kibarua, lakabu ya mgombea ilikuwa ni jina la mahali pa kazi. Hakuhitaji kuahidi ajira kwa maneno, aliitwa kwayo.

Sarufi ya "Baba Yao"

Mfano ulio tajiri kuliko yote ni ule wa Ferdinand Waititu. Alikuwa mbunge wa Embakasi kuanzia mwaka 2008 na wa Kabete kuanzia mwaka 2015, na alijulikana kwa kuingia barabarani na kukabiliana na polisi pamoja na wakazi waliokuwa wakibomolewa vibanda. Katika mchujo wa Jubilee wa Aprili 2017 alimbwaga gavana aliyekuwa mamlakani, Kabogo, kwa kura zaidi ya laki tatu dhidi ya kura ambazo hazikufika laki moja. Lakabu yake ilikuwa Baba Yao.

Kisarufi, ibara hii ina mvuto wake. Nomino baba ni ya kiumbe na kwa hiyo huchukua upatanisho wa ngeli ya A-WA katika kitenzi, lakini kama majina mengine ya ukoo, kimilikishi chake hufuata umbo la ngeli ya I-ZI: baba yao, si baba wao. Hilo kila mwanafunzi analijua. La kushangaza ni nafsi. Kwa nini yao na si yetu? Anayelitamka anajitoa nje ya watoto. Hasemi kwamba yeye ni mwana. Anaripoti kwamba kuna watu, wengi, wasiotajwa, ambao mtu huyu ni baba yao. Maana ya pili ni ya mitaani: katika Sheng, baba yao ni yule aliyewapita wenzake wote, bingwa wao. Kwa hiyo "wao" wa maana ya kwanza ni watoto, na "wao" wa maana ya pili ni mahasimu. Lakabu moja inamfanya mtu mlezi wa wanyonge na mshindi wa wakubwa kwa pumzi moja. Hakuna mwandishi wa matangazo angeweza kubuni bora.

Upande wa pili ulikuwa neno madharau. Wapinzani wa Kabogo hawakumshambulia zaidi kwa barabara zilizojengwa au zisizojengwa. Walimwita mwenye majivuno, asiyewasikiliza watu wadogo. Ni vigumu kumjibu anayekushtaki kwa madharau, kwa sababu kadiri unavyoorodhesha mafanikio yako ndivyo unavyoonekana kuyathibitisha mashtaka. Bruto angelielewa jambo hili.

Kilichofuata kinajulikana. Mwaka 2019 Waititu alishtakiwa kwa makosa yaliyohusu zabuni na akazuiwa kuingia ofisini. Januari 2020 Seneti ikamwondoa madarakani na naibu wake, James Nyoro, akachukua nafasi hiyo. Februari 2025 mahakama ya kupambana na ufisadi ilimpata na hatia katika kesi ya zabuni ya barabara ya shilingi milioni 588. Zabuni iliyozungumziwa mahakamani ilihusu barabara za kaunti ile ile ya hao wanaoitwa "wao".

Wapo watakaosema kwamba wapiga kura walidanganyika. Huenda. Lakini Kiswahili kina methali inayoonyesha kwamba hatari hii ilijulikana zamani na ikakubaliwa: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mwenye kuisema haamini kwamba kiongozi wake ni malaika. Anakiri kwamba ni zimwi. Anachokisia ni kwamba zimwi la kwao litamwachia japo mifupa. Kwa mtu anayeishi Kiandutu, ambaye hajawahi kuona serikali isiyomla, hesabu hiyo ina mantiki yake. Kasoro yake iko kwenye kitenzi. Methali inasema likujualo, zimwi linalokujua wewe. Mpiga kura aghalabu ana zimwi ambalo yeye ndiye analijua. Jina lake, wimbo wake na kofia yake anavijua. Yeye mwenyewe hajulikani.

Hasla na Zakayo

Katika uchaguzi wa Agosti 2022 mpaka wa "sisi" ulisogezwa. William Ruto na chama cha UDA waliligawa taifa kwa neno hasla: upande mmoja mama mboga, mwendesha bodaboda, fundi wa jua kali na mwenye wilbaro, nembo ya chama, upande wa pili familia za wakubwa. Kwa eneo lililopakana na Gatundu, nyumbani kwa Rais Uhuru Kenyatta aliyekuwa akimuunga mkono Raila Odinga, lilikuwa jaribio kubwa. Kanuni ya udugu wa damu ilitaka watu wa Kiambu wamfuate mwana wa jirani. Ishara ya kwanza kwamba hawatamfuata ilionekana mapema, Mei 2021, wakati uchaguzi mdogo wa Juja ulipotwaliwa na George Koimburi wa chama kidogo cha PEP dhidi ya mgombea wa Jubilee. Mwaka uliofuata Kiambu ilimpa Ruto kura nyingi sana, na Kimani Wamatangi wa UDA akawa gavana.

Methali mbili zinagongana hapa. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, husema wahenga. Kura ya 2022 katika eneo hili ilisema kinyume chake, kwamba anayesota nawe ni ndugu kuliko aliyezaliwa karibu nawe. Ni mabadiliko makubwa ya kimaana, kutoka udugu wa nyumba hadi udugu wa shida, na Kiswahili ndicho kilichoyabeba, maana neno hasla halina kabila. Hata hivyo lilikuwa bado neno la mfanano. Aliyepiga kura hakuulizwa sana kodi zitatoka wapi. Aliambiwa hadithi ya muuza kuku kando ya barabara akajiona ndani yake.

Lakabu nyingine ilipozuka, haikutoka kwa wanakampeni. Kodi zilipopanda kuanzia mwaka 2023, Rais alianza kuitwa Zakayo, yule mtoza ushuru wa Biblia, na vijana wakamtaka ashuke mtini. Tofauti ya majina haya mawili ni somo kamili la isimujamii. Hasla ni jina ambalo kiongozi alijipa ili afanane na watu. Zakayo ni jina ambalo watu walimpa kiongozi ili kuonyesha kwamba hafanani nao tena. La kwanza lilitamkwa jukwaani kwa vipaza sauti vya kukodi. La pili lilienea bila jukwaa. Juni 2024, wakati wa maandamano dhidi ya Mswada wa Fedha, Githurai, kwenye mpaka wa Ruiru na Nairobi, ilikuwa miongoni mwa sehemu ambako watu walipigwa risasi usiku wa tarehe 25. Siku iliyofuata Rais alitangaza kwamba hangeutia sahihi mswada huo.

Kufanana na kutenda

Hanna Pitkin (1967) anatenganisha maana mbili za uwakilishi. Kuna kumwakilisha mtu kwa kufanana naye, kama picha inavyomwakilisha mwenye sura, na kuna kumwakilisha kwa kutenda kwa niaba yake, kama wakili. Siasa zilizojadiliwa hapa zimekuwa hodari katika maana ya kwanza na dhaifu katika ya pili. Tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea inaligusa suala hili kwa njia inayostahili kuzingatiwa zaidi ya inavyofanywa darasani. Boza anamwunga mkono Majoka ilhali soko la Chapakazi limefungwa, na wahakiki hupenda kueleza hilo kwa makombo anayoyapata mkewe. Maelezo hayo ni sahihi ila ni mepesi. Tunu naye anawavuta watu kwa mfanano: ameumizwa kama wao, na ni mwana wa Sagamoyo. Kwa hivyo mfanano wenyewe si kosa. Tunu anatofautiana na Majoka kwa kuwa alama yake ilimgharimu. Mguu ulioumizwa hauvaliwi asubuhi ya mkutano na kuvuliwa jioni kama fulana ya chama.

Pengine hapo ndipo uhakiki wa lugha ya kisiasa unapoweza kumfaa mpiga kura wa Thika: kumsaidia kutenga alama zenye gharama na zile za bure. Kula mahindi choma kando ya barabara hakumgharimu mgombea. Kusema Sheng hakumgharimu. Kujiita mwana wa maskini hakumgharimu, hasa umaskini wenyewe ukiwa wa miaka arobaini iliyopita. Kuwasilisha hesabu za zabuni mbele ya bunge la kaunti kabla hazijaombwa kungemgharimu. Vivyo hivyo kulazwa, yeye au mtoto wake, katika hospitali ya umma ya Thika. Mwaka 2025 madaktari wa kaunti ya Kiambu waligoma kwa takriban miezi mitano, na katika muda huo wote maneno mwenzetu na watu wetu yaliendelea kusikika katika mikutano ya hadhara, mazishini na makanisani. Mgonjwa aliyerudishwa langoni aliyasikia vilevile.

Uchaguzi mkuu ujao umepangwa kufanyika Agosti 2027. Vijana walioandamana mwaka 2024 walijieleza kuwa hawana kabila, hawana chama wala kiongozi, na waliitumia nafsi ya kwanza wingi bila kumnasibisha mgombea yeyote nayo, jambo ambalo siasa za eneo hili hazikuwa zimelizoea. Tayari wapo wanasiasa wanaojaribu kuikodi "sisi" hiyo, kwa kofia mpya, vyama vipya na lakabu ambazo bado zinatafuta upatanisho wake wa kisarufi. Watafiti wa isimu na fasihi wana muda mfupi wa kuzirekodi jinsi zinavyotamkwa Makongeni na Githurai, kwa lugha gani na mbele ya nani, kabla hazijachapishwa kwenye fulana.